Makosa ya Watu Wengine

Rahab Wangechi hakuwa na digrii, wala stashahada, wala karatasi yoyote yenye muhuri wa chuo, lakini kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amewadharau wenye digrii kwa moyo wake wote. Aliamini ana haki hiyo. Duka lake la kuchapa kazi, chumba kimoja chenye kompyuta tatu na mashine ya fotokopi, lilikuwa hatua chache kutoka lango la kampasi moja mjini Nakuru. Kila msimu wa kuwasilisha kazi wanafunzi walipanga foleni hadi nje kwenye vumbi, huyu na flashi yake, yule na karatasi zilizokunjwa mfukoni, na Rahab akayaona yote waliyokuwa wakiwaficha walimu wao.

Aliona mengi. Mwanafunzi wa mwaka wa nne, anayesomea ualimu wa Kiswahili, aliandika "ana soma" kwa maneno mawili, kana kwamba "ana" ni mtu na "soma" ni jirani yake. Mwingine aliandika "xaxa" badala ya "sasa" katika utangulizi wa mradi wake wa mwisho. Mwingine akaandika, "Umuimu wa utafiti huu ni muimu sana." Na mmoja, kijana mrefu mwenye viatu vyeupe, alianza hitimisho lake hivi: "Kama tulivyo ona hapo juu mambo ni mengi." Rahab aliitazama sentensi hiyo kwa muda. Miaka minne chuoni, wazazi wake huko nyumbani wakijinyima chai ya maziwa, na alichovuna ni kwamba mambo ni mengi.

"Mathe, niaje," walizoea kumsalimu kwa sheng yao, wakiegemea kaunta. "Hii iko na page ngapi?"

"Haina hata moja. Karatasi unazo kumi na tano. Page bado hujaandika."

"Ai, mathe! We chapa tu vile iko."

"Vile iko ni aibu. Keti hapo."

Walicheka. Walidhani ni utani. Rahab naye hakuwasahihisha kwa huruma. Aliwasahihisha kama mtu anayepangusa meza ya hoteli kabla ya kuweka viwiko vyake juu yake: kwa kinyaa.

Alikuwa ametoka Elburgon, binti wa karani wa kiwanda cha mbao. Baba yake aliandika idadi ya magogo kwa mwandiko uliolala upande mmoja kama nyasi kwenye upepo, na hakuvumilia kosa hata katika orodha ya misumari. Rahab alisoma chochote kilichofika nyumbani, hadi magazeti yaliyofungiwa nyama, akiyapangusa damu ili amalizie habari. Alipata A ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne, na mwezi huohuo lori la magogo likamwangukia baba yake. Hapakuwa na chuo tena. Palikuwa na Nakuru, darasa la kupiga taipu, chumba Bondeni, mume aliyeondoka, na binti mmoja, Kui. Miaka yote hiyo alibeba ile A kifuani kama mtu anayebeba kitambulisho ambacho hakuna askari anayemwomba.

Kwa hiyo kazi za wanafunzi zilipopita mikononi mwake, alizinyoosha. Kwanza tahajia. Halafu sentensi. Halafu aya zilizokosa kichwa na miguu. Haukupita muda mrefu habari ikaenea kampasini kwamba kazi iliyochapwa kwa Mama Kui hairudishwi. Wakaanza kumletea miradi yenye mapengo na kumwambia, "Hapo mathe utajazia kitu." Naye akajazia. Kisha wakamletea kichwa tu cha mradi na namba ya simu. Hakuna siku moja ambayo Rahab alikaa chini akaamua kuwaandikia watu kazi zao. Alijikuta tu anafanya hivyo, na kila alipomaliza moja aliwadharau zaidi kidogo.

Maxwel Kibii aliingia dukani miaka sita iliyopita. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na tatu, tai shingoni, viatu vinang'aa, na alikuwa akisomea shahada ya uzamili huku akifundisha vipindi vichache pale kampasini. Aliweka karatasi kumi na mbili juu ya kaunta.

"Mama Kui, nimeambiwa wewe ndio mkali," alisema. "Hii ni thesis. Nimeanza, lakini niko busy sana. Supervisor ananisukuma."

Rahab alisoma kichwa. *Udhaifu wa Uandishi miongoni mwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu.* Akasoma sentensi ya kwanza. "Swala la uandishi mbaya limekua likizungumziwa na watu mbali mbali ambao waliweza kuzungumzia swala hilo." Akamtazama yule mwanamume kuanzia kwenye tai hadi kwenye viatu, akarudi juu tena.

"Hii ndiyo mada uliyochagua mwenyewe?"

"Ndio. Ni mada moto."

Angeweza kumrudishia karatasi zake. Lakini kichwa kile kilimkaa akilini. Kwa miaka mitano alikuwa ameyatazama makosa ya watu kila siku, akayajua kama mganga wa meno anavyojua meno mabovu ya mji mzima, na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza anafikiria nini. Maxwel naye hakuwa akimwuliza, lakini kichwa kilikuwa kinauliza. Rahab alikubali.

Aliandika kwa miezi mitano, kati ya mteja na mteja. Aliandika kwa furaha ambayo hakuwahi kuipata popote, hata kwa yule mume. Alieleza jinsi mwanafunzi anavyoogopa kusema jambo moja waziwazi, akasema mambo saba kwa ukungu. Katika sura ya nne kulikuwa na aya aliyoipenda kuliko zote: "Mwanafunzi huyu haandiki, huambaa. Hupita pembeni mwa hoja kama mtu anayekwepa dimbwi asilowe viatu, akafika upande wa pili akiwa mkavu, na hakugusa kitu." Zilikuwa kurasa mia na arobaini. Maxwel alizichukua, akazifunga kwa jalada gumu lenye jina lake kwa herufi za dhahabu, akafuzu. Siku ya mahafali alimletea Rahab soda na kipande cha keki kwenye kisahani cha karatasi. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa mhadhiri.

Kui ndiye aliyemsukuma mama yake kwenda chuo. Alikuwa amemaliza shule na kupata kazi kwenye duka la dawa.

"Mum, si uende tu ujiandikishe," alisema siku moja wakila. "Kila siku ni kutukana hao watu. Nenda uwaonyeshe."

"Niende nikae na watoto?"

"Kwani unaogopa?"

Neno hilo lilimchoma. Wiki iliyofuata alichukua fomu, na mwezi wa tisa, akiwa na miaka arobaini na sita, aliketi katika safu ya pili ya darasa la Jumamosi, daftari jipya mezani, moyo ukimdunda kama wa msichana. Somo la kwanza lilikuwa Stadi za Uandishi. Mlango ukafunguliwa, na Maxwel Kibii akaingia akiwa na kompyuta ya mkononi chini ya kwapa.

Alimwona. Macho yake yalisimama kwa Rahab kwa muda wa pumzi moja, kisha yakaenda dirishani yakakaa huko.

Alifundisha kwa kusoma maandishi ambayo kompyuta yake iliyamulika ukutani. "Uandishi ni mchakato," alisoma, "ambao unapitia mchakato." Wanafunzi sitini na wanane waliinama wakanakili. Rahab aliweka kalamu chini. Wiki ya pili walifundishwa kwamba aya nzuri ni aya iliyo nzuri. Wiki ya tatu alikutana naye kwenye ngazi, ana kwa ana, naye akamwambia, "Habari yako, mama," kama anavyosalimiwa muuza mboga ambaye hutanunua kwake.

Katikati ya muhula Maxwel aliwapa insha: kwa nini wanafunzi wa chuo kikuu hawajui kuandika. Bila shaka aliipata mahali fulani akaibandika. Rahab alirudi dukani Jumatatu, akafungua kompyuta, na maneno yakaja yenyewe, moja likivuta jingine. Hakufungua faili lolote la zamani. Hakulihitaji. Aliandika alichokijua, kwa sauti yake aliyoizoea, na alipofika mahali pa kueleza mwanafunzi anayekwepa hoja, dimbwi lilikuwa palepale na viatu vilikuwa palepale. Aliipeleka insha kupitia mtandao wa chuo, akalala usingizi wa mtu aliyeshiba.

Baada ya siku tisa alipata barua ya wito. Programu ya chuo ya kukagua wizi wa maandishi ilikuwa imekuta kwamba sehemu kubwa ya insha yake imetolewa katika tasnifu ya Bwana M. Kibii, iliyohifadhiwa maktabani. Mhadhiri wa somo amethibitisha. Chini palikuwa na saini ya mhadhiri wa somo.

Rahab alisimama katikati ya duka na barua mkononi. Kwanza alicheka. Kisha kicheko kikakauka. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwita mwizi.

Maxwel alikuja kesho yake saa saba mchana, wakati wa chakula, alipojua hakuna wateja. Alirudisha mlango nusu.

"Mama Kui, tuongee kidogo."

"Ongea."

"Ile ripoti, mimi sikujua ni yako. Wananiletea majina yamepangwa, mimi nasaini. Zilikuwa insha sitini na nane."

"Kwa hiyo hukuisoma."

"Nani husoma zote?" Alisema hivyo kwa mshangao wa kweli, na hilo ndilo lililomkera Rahab zaidi. "Sikiza. Imefika kwa kamati, siwezi kuitoa. Wewe kubali tu. Sema ulipata thesis yangu kwa library ukasahau kuweka marejeleo. Ni kosa la kwanza, watakupea onyo, iishe. Mimi nitakupea A kwa hii course."

"Wewe utanipa A."

"Hata na ya semester ijayo, kama nitapewa hiyo darasa."

Rahab aliivuta stuli, akaketi, akakunja mikono. "Kibii, niambie kichwa cha tasnifu yako."

"Nini?"

"Kichwa. Jina lako liko juu ya jalada kwa dhahabu. Inaitwaje?"

"*Udhaifu wa... Udhaifu wa Uandishi kwa...*" Alipapasa tai yake. "Mama Kui, hiyo ilikuwa kitambo."

"Ilikuwa na sura ngapi?"

Maxwel aliutazama mlango. Rahab alimtazama akitokwa na jasho ndani ya shati lake la bei ghali, na aliona raha chafu, raha ya kumwona mtu mkubwa akikosa la kusema kama mtoto aliyesimamishwa ubaoni. Angependa irefuke.

Lakini Maxwel hakuwa mjinga katika kila jambo. Alinyoosha mgongo. "Sawa. Cheka. Ukinichoma, unajichoma. Wataniuliza nani aliandika, halafu watakuuliza wewe uliandikia nani wengine. Unadhani hii duka itabaki? Unadhani utabaki kwa hiyo darasa?" Kisha sauti ikamshuka. "Niko na watoto wawili, Mama Kui. Na mama yangu ni mgonjwa."

Rahab alikuwa karibu kumhurumia. Karibu tu. "Toka," alimwambia. "Nina kazi za watu."

Alipobaki peke yake, hata hivyo, hakugusa kompyuta. Maneno ya Maxwel yalikuwa yamemwingia. Alijua kwamba mtu yule, aliyeshindwa kuweka sentensi mbili pamoja, alikuwa ametunga moja iliyonyooka kabisa: ukinichoma, unajichoma.

Kamati ilikaa Alhamisi asubuhi, katika chumba chenye mapazia ya kijani na meza ndefu. Walikuwa watu watatu na karani. Mwenyekiti alikuwa Profesa Gachanja, mzee mwenye nywele nyeupe zilizokatwa vizuri, aliyejulikana kampasini kwa ukali wake kuhusu lugha. Inasemekana aliwahi kumfukuza mwanafunzi darasani kwa kuchanganya "ingelikuwa" na "singe-" katika sentensi moja. Maxwel aliketi kando, kama shahidi.

Profesa alisoma aya ya insha. Kisha akafungua lile jalada gumu, akasoma aya ya tasnifu. Mwanafunzi huyu haandiki; huambaa. Dimbwi. Viatu. Aliisoma vizuri, kwa sauti ya mtu anayependa maneno, na Rahab, hata pale kwenye kiti cha washtakiwa, alishindwa kujizuia kujivuna.

"Bi Wangechi, hizi ni sawa neno kwa neno. Unasemaje?"

"Ni sawa, Profesa. Mimi ndiye niliyeandika zote mbili."

Karani aliinua kichwa. Maxwel alikuwa tayari. "Prof, huyu mama ana duka la kuchapa. Alinichapia thesis. Ndio hapo aliona maneno yangu akayaweka kwa kichwa."

Ilikuwa hoja nzuri. Rahab aliona wajumbe wawili wakitikisa vichwa, wakikubali. Bila shaka. Mwenye shahada ameandika, mwenye duka ameiba. Mambo yalikuwa yamekaa mahali pake pa kawaida.

"Profesa," alisema, "naomba umwulize kuambaa ni nini."

"Hiyo si namna ya..." alianza mjumbe mmoja.

"Hapana, ni swali la haki," alisema Profesa Gachanja. "Bwana Kibii. Umelitumia mara sita katika sura ya nne, kama nilivyohesabu sasa hivi. Kuambaa."

Maxwel alilowesha midomo. "Kuambaa ni... ni ile hali ya kuambiana. Kuambia mtu kitu, lakini kwa njia ya, ya ndani."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Karani alikuwa amekodoa macho kwenye karatasi yake, na mmoja wa wajumbe ghafla akapata haja ya kupanga kalamu zake. Maxwel aliona nyuso zao, akaongeza haraka, "Kimuktadha lakini, Prof. Inategemea muktadha."

Profesa alifunga lile jalada. Alilifunga taratibu, na likajifungua tena kwenye ukurasa wa mbele, na Rahab akaona kile ambacho Profesa alikuwa anakitazama. Palikuwa na mstari: *Tasnifu hii imewasilishwa kwa idhini yangu kama msimamizi.* Na juu ya mstari, saini kubwa yenye mkia mrefu. Gachanja.

Rahab hakupanga kusema. Mdomo ulisema wenyewe.

"Profesa, wewe uliisoma?"

Nje, mtu alikuwa akifyeka nyasi kwa mashine, na mngurumo ulikuja, ukaenda, ukaja. Mzee yule aliyefukuza watu kwa ajili ya "ingelikuwa" alimtazama Rahab bila hasira, macho yamelegea, akaonekana mchovu. Kama angesoma kurasa kumi tu, mtu anayependa maneno kama yeye angejua. Angemwita Kibii, akamwuliza maswali mawili, akajua. Hakusoma. Alikuwa na tasnifu nyingi, na safari, na mikutano, akatia saini.

"Kikao kimeahirishwa," alisema.

Wengine walipotoka, Profesa alimwomba Rahab asubiri. "Umeandika ngapi?" alimwuliza.

"Sijui, Profesa."

"Kadiria."

"Siwezi. Ni miaka kumi na mmoja."

Alipitisha mkono usoni. "Niandikie majina unayoyakumbuka. Niletee mimi mwenyewe."

Rahab aliketi na orodha hiyo mchana mzima Jumapili, baada ya kanisa, kwenye meza ya jikoni Bondeni. Alianza na jina lake mwenyewe, kwa sababu alitaka iwe wazi. Kisha akaandika. Celestine, mradi wa fasihi. Kipruto, mradi na ripoti ya mazoezi ya kufundisha. Muiruri, kila kitu. Mwanzoni aliandika kwa dharau ileile ya zamani, akikumbuka kosa la kila mmoja kama mtu anavyokumbuka harufu. Katika ukurasa wa tatu aliandika "Kipkirui, sasa anafundisha Gilgil", na kalamu ikasimama.

Kui alikuwa amesoma Gilgil. Akiwa kidato cha pili alileta nyumbani insha iliyosahihishwa, na mahali alipoandika "mvua ilikuwa ikinyesha" mwalimu alikuwa amekata ile "w" kwa wino mwekundu na kuandika juu yake: "ilikua". Rahab siku hiyo alicheka hadi machozi. Alisema, huyu alipitia chuo gani, nani alimpa cheti? Alikuwa ameona hata saini chini ya ukurasa, "T. Kipkirui", na jina halikumwambia kitu, kwa sababu wateja walikuwa wengi na nyuso zao zilikuwa moja. Nani alimpa cheti? Yeye. Alimchapia mradi wake, akamwandikia sura tatu kati ya tano, na alipokuwa akiandika alikuwa akisonya kwa jinsi kijana yule alivyokuwa bure. Kisha akamfunga vizuri kwenye jalada, akamtuma kwenda kumfundisha mtoto wake.

Alikaa pale hadi chai ikapoa ikatanda utando. Miaka yote alidhani anautazama uchafu wa watu wengine kutoka dirishani. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiufagilia chini ya zulia, akilipwa, na kuwacheka walioingia na viatu.

Alimaliza orodha. Ilikuwa kurasa nne na nusu. Jumatatu alimpelekea Profesa, naye aliisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, akitikisa kichwa kwa jina hili na lile. Mengine bila shaka aliyasimamia mwenyewe. Alipomaliza aliikunja mara mbili na kumrudishia.

"Usimwonyeshe mtu hii."

"Lakini wewe ndiye uliyeniambia..."

"Najua nilichokuambia. Wangechi, hawa ni walimu. Wako madarasani kuanzia hapa hadi Molo. Nifanye nini, nifunge shule?"

Rahab alimtazama yule mzee na nywele zake nyeupe, na dharau iliyomjia safari hii haikumpa raha yoyote. "Sijui ufanye nini, Profesa," alisema. "Mimi sina digrii."

Barua ya uamuzi ilikuja mwishoni mwa mwezi. "Kamati ime amua," ilianza, na Rahab akafumba macho kidogo kabla ya kuendelea. Shtaka la kunakili lilikuwa limetupiliwa mbali. Kwa kosa la kuwaandikia wengine kazi za kitaaluma alisimamishwa kwa mwaka wote huo wa masomo. Kuhusu tasnifu ya Bwana Kibii, uchunguzi ulikuwa unaendelea. Uliendelea kwa miezi mitatu, kisha Maxwel akaondolewa darasani na kupewa ofisi ghorofani yenye kibao kipya mlangoni: Mratibu wa Ubora wa Mitaala. Rahab aliambiwa habari hiyo na mteja, akaomba arudie, kisha akaendelea kutoa fotokopi.

Alichapa tu mwaka huo. Alichapa vile ilivyo. "Ana soma" ikabaki "ana soma," na mambo yakabaki mengi. Wanafunzi walilalamika, wengine wakahamia duka la pili ambako sasa kulikuwa na kijana mwenye programu ya kuandika kila kitu kwa dakika mbili. Kui aliuliza kama atarudi chuoni, na Rahab akamwambia hajui. Lakini mwezi wa tisa ulipofika alirudi, akaketi safu ya pili.

Mhadhiri mpya wa Stadi za Uandishi aliitwa Becky Jepleting. Alikuwa na miaka isiyozidi thelathini, sweta kubwa, na sauti ndogo iliyomlazimu kila mtu anyamaze. Hakusoma ukutani. Aliwapa insha wiki ya kwanza, na Rahab akaandika kurasa sita kuhusu hali ya lugha nchini. Aliandika kwa hasira ya mwaka mzima. Kila sentensi ilikuwa na makali. Aliisoma mara tatu kabla ya kuiwasilisha na hakupata nukta iliyokaa vibaya.

Ilirudi na alama hamsini na nane. Hapakuwa na wino mwekundu mahali popote, ila mistari miwili chini kwa penseli: "Unaandika vizuri. Umewacheka watu kwa kurasa sita. Wewe mwenyewe unafikiri nini?"

Rahab hakungoja. Alimkuta Becky ofisini akila mahindi ya kuchemsha kwenye karatasi.

"Mwalimu, nionyeshe kosa."

"Karibu, mama. Kosa gani?"

"Umenipa hamsini na nane. Kosa liko wapi?"

Becky alipangusa vidole, akaichukua insha, akaifungua. Alionekana anaijua. "Hakuna," alisema. "Ndiyo maana nimesumbuka nayo. Hapa ukurasa wa pili unasema wanafunzi hawana hoja. Halafu unaonyesha makosa yao kumi na manne. Ni kweli, na yanachekesha, mimi nilicheka. Lakini nikangoja useme kwa nini. Ukurasa wa tatu nikangoja. Wa nne nikangoja." Akaigeuza kwa Rahab. "Ni kama unaogopa kusema kitu ambacho mtu anaweza kukuambia si kweli."

"Mimi? Kuogopa?"

"Ndivyo nilivyosoma. Labda nimekosea."

Rahab alifungua mdomo. Alikuwa na maneno ya kumwambia msichana huyu, maneno yaliyonolewa kwa miaka. Lakini huyu alikuwa ameisoma. Alikuwa amesoma kila ukurasa, akangoja. Hakuna mtu aliyewahi kumfanyia hivyo, na hakujua uso wake auweke wapi.

Alitoka bila kuaga vizuri. Aliketi kwenye benchi karibu na lango, jua la saa nane likimpiga begani, akatoa kalamu. Ukurasa wa kwanza aliusoma akaukata wote kwa mstari mmoja. Wa pili aliutetea kidogo, akaukata. Alipofika mwisho palikuwa pamebaki nusu ukurasa, na hata hiyo nusu ilikuwa inaanza tu kuelekea mahali. Ilimuuma. Aliangalia pande zote kuona kama kuna mtu anayemjua.

Kisha aligeuza karatasi upande mtupu na kuandika: "Mimi niliwaandikia kwa sababu." Akasimama hapo. Akakata. Akaandika tena, na mara ya pili sentensi ikatoka mbaya, imepinda, kiambishi kimoja si mahali pake, naye akaiacha hivyohivyo akaendelea na inayofuata.